Takeshi Okada, beki aliyegeuka kocha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tunamkumbuka Takeshi Okada kwa siku moja tu: kocha mwenye miwani aliyeifunga Kameruni kule Bloemfontein mwaka 2010. Kabla ya siku ile alikuwa amepitia mengi, na baada yake hakupumzika. Hapa chini kuna majibu ya maswali yanayojirudia kumhusu, tangu akiwa beki wa timu ya kampuni hadi kuwa mmiliki wa klabu. Nilipokuwa na maoni yangu nimeyasema waziwazi.

Kwa ufupi, Okada ni nani?

Ni Mjapani aliyezaliwa Osaka tarehe 25 Agosti 1956. Alicheza beki katika timu ya Furukawa Electric na timu ya taifa, kisha akaifundisha timu hiyo ya taifa mara mbili: kutoka 1997 hadi 1998, na kutoka 2007 hadi 2010. Ndiye aliyekuwa kwenye benchi Japani ilipofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ndiye pia aliyeivusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza ugenini, maana mwaka 2002 ilivuka ikiwa mwenyeji. Katikati ya vipindi hivyo alitwaa ubingwa wa J.League, ligi ya kulipwa ya Japani, mara mbili mfululizo. Mashabiki wa kwao humwita Oka-chan, jina la mapenzi ambalo halikumwepusha na hasira zao hata kidogo.

Alichezea klabu gani?

Moja tu. Alisoma siasa na uchumi katika Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, na mwaka 1980 akaajiriwa na Furukawa Electric, kampuni ya kutengeneza nyaya za umeme iliyokuwa na timu yake ya soka. Ligi ya kulipwa haikuwepo. Wachezaji walikuwa wafanyakazi wa kampuni, na kampuni ndizo zilizoshindana katika ligi ya taifa. J.League ilipopulizwa kipenga cha kwanza Mei 1993, Okada alikuwa ameshatundika daluga miaka mitatu nyuma.

Tusiidharau timu ile kwa kuwa ilikuwa ya ridhaa. Furukawa ilichukua ubingwa wa Japani msimu wa 1985/86, na mwaka 1986 ikawa klabu ya kwanza ya Japani kubeba Klabu Bingwa Asia. Kikosini alikuwemo Yasuhiko Okudera, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya miaka tisa Ujerumani akiwa na Köln, Hertha Berlin na Werder Bremen. Timu hiyo ndiyo baadaye iliyogeuka kuwa JEF United.

Na timu ya taifa?

Mechi 24 na bao moja, kati ya 1980 na 1985. Zilikuwa nyakati ngumu kwa soka la Japani. Kombe la Dunia lilikuwa ndoto ya mbali, na Korea Kusini ilikuwa ukuta usiopitika. Nadhani miaka ile ya kuzuia, kuhesabu hatari na kukubali kwamba mpinzani amekuzidi ndiyo iliyomjenga kuliko kozi yoyote ya ukocha. Okada wa baadaye hupanga timu kwa kuanzia swali la beki: tukipoteza mpira hapa, nani yuko nyuma?

Aliingiaje kwenye ukocha?

Taratibu. Alipostaafu mwaka 1990 alibaki Furukawa kama kocha, akaenda Ujerumani kusoma, akarudi katika benchi la JEF United. Mwaka 1995 akawa msaidizi wa kocha Shu Kamo katika timu ya taifa. Mpaka Oktoba 1997 hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya wakubwa, na hilo likumbukwe unaposoma jibu linalofuata.

Ilikuwaje msaidizi akakabidhiwa timu ya taifa katikati ya mchujo?

Japani ilianza mchujo wa mwisho wa Kombe la Dunia 1998 kwa kishindo: 6-3 dhidi ya Uzbekistan, Kazuyoshi Miura akifunga manne. Kisha mambo yakaharibika. Ikatoka suluhu Abu Dhabi dhidi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, ikafungwa 2-1 na Korea Kusini mjini Tokyo mbele ya mashabiki wake, halafu tarehe 4 Oktoba ikaruhusu bao la mwishoni na kutoka 1-1 na Kazakhstan huko Almaty. Usiku uleule viongozi wa chama cha soka wakamwondoa Kamo wakiwa bado ugenini, na kazi akapewa msaidizi. Okada alikuwa na miaka 41. Mechi iliyofuata ilikuwa wiki moja mbele, Tashkent, na hakukuwa na muda wa kutafuta mtu mwingine.

Mwanzo wake haukuwa wa kupendeza. Sare ya 1-1 na Uzbekistan, kisha sare nyingine ya 1-1 nyumbani na Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyowapandisha mashabiki jazba. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi vitisho vilivyofika hadi nyumbani kwake, hata gari la polisi likawa linalinda mlango. Familia yake ilikuwa ndani. Tunapojadili makocha kwa wepesi, fulani afukuzwe, fulani hafai, tukio hili linapaswa kutufanya tupunguze sauti.

Kilichoiokoa Japani ni safari ya Seoul, tarehe 1 Novemba. Korea Kusini ilikuwa imeshafuzu, lakini kuifunga nyumbani kwake hakukuwa jambo dogo, na Japani ilishinda 2-0. Wiki iliyofuata ikaichapa Kazakhstan 5-1 na kushika nafasi ya pili. Ikabaki mechi moja ya mchujo, uwanja huru, dhidi ya Iran.

Nini kilitokea Johor Bahru?

Tarehe 16 Novemba 1997, kusini kabisa mwa Malaysia. Mshindi angekwenda Ufaransa moja kwa moja. Aliyeshindwa angesafiri kupambana na Australia. Okada amesimulia kwamba usiku wa kuamkia mechi alimpigia mkewe simu, akamwambia wakishindwa huenda asiweze kurudi kuishi Japani.

Masashi Nakayama akafunga la kwanza dakika ya 39. Kipindi cha pili kilikuwa hakijakolea, Khodadad Azizi akasawazisha, na dakika ya 59 Ali Daei akafunga kwa kichwa. Iran 2, Japani 1.

Dakika ya 63 Okada akafanya jambo ambalo kocha mgeni kazini kwa kawaida halithubutu. Akawatoa washambuliaji wake wote wawili kwa mpigo, Nakayama na Miura, akawaingiza Shoji Jo na Wagner Lopes. Miura, mfalme wa soka la Japani, alipoona ubao alijinyooshea kidole kifuani, kama anayeuliza: mimi? Kamera zilimnasa, na picha ile inajulikana na kila Mjapani aliyekuwa na umri wa kutazama televisheni.

Jo alisawazisha kwa kichwa dakika ya 76. Katika muda wa nyongeza, enzi hizo ikiwa bao la dhahabu, yaani bao la kwanza linamaliza mechi, akaingia Masayuki Okano, winga mwenye nywele ndefu na mbio za ajabu, aliyekuwa amesugua benchi karibu kampeni nzima. Akapoteza nafasi za wazi mpaka ukamwonea huruma. Dakika ya 118 Hidetoshi Nakata, kijana wa miaka 20 aliyetengeneza mabao yote ya Japani siku ile, akapiga shuti, kipa Ahmadreza Abedzadeh akautema mpira, Okano akateleza na kuusukumia wavuni. Okada alitimua mbio kutoka kwenye benchi na watu wake wote. Iran nayo ilifuzu baadaye kwa kuitoa Australia, kwa hiyo ile mechi haikumwachia mtu kidonda cha kudumu.

Kwa nini alimwacha Kazu Miura kwenye kikosi cha Ufaransa?

Hili ndilo swali la maisha yake, na bado linaulizwa.

Okada alikwenda kambini Nyon, Uswisi, na wachezaji 25, huku sheria ikiruhusu 22. Tarehe 2 Juni 1998 akasimama mbele ya waandishi na kuwataja watatu wanaoachwa: kijana Daisuke Ichikawa, kiungo Tsuyoshi Kitazawa, na Miura. Miura alikuwa na miaka 31. Alikwenda Brazil peke yake akiwa kijana mdogo kujifunza mpira, akarudi kuwa sura ya J.League, na hadi alipomaliza alikuwa ameifungia nchi yake mabao 55. Alikuwa amebeba ndoto ya Kombe la Dunia mabegani mwake wakati taifa zima bado haliiamini.

Okada alieleza kwamba alizipitia mechi za kundi moja moja, kila hali inayoweza kutokea, na hakuona dakika ambayo angemwingiza Miura. Kisoka hoja ina uzito. Kiwango cha Miura kilikuwa kimeshuka, na mabao yalikuwa yamemkauka tangu siku ile ya manne. Wanaompinga husema kikosi si orodha ya dakika tu. Mchezaji wa aina yake huwainua wenzake hata akiwa amekaa.

Mimi naona uamuzi ulikuwa halali na namna yake ilikuwa ya kikatili. Kuwasafirisha wachezaji 25 hadi Ulaya na kuwakata watatu siku kumi na mbili kabla ya mechi ya kwanza kulimfanya shujaa wa taifa arudi nyumbani mbele ya kamera. Miura alitua Japani nywele akiwa amezipaka rangi ya dhahabu, akasema ameiacha huko fahari na roho yake. Hakuwahi kucheza Kombe la Dunia. Ameendelea kusakata soka la kulipwa hadi baada ya miaka 50.

Japani ilifanyaje Ufaransa?

Ilifungwa mechi zote tatu: 1-0 na Argentina kwa bao la Gabriel Batistuta, 1-0 na Kroatia kwa bao la Davor Šuker, na 2-1 na Jamaika, Theodore Whitmore akifunga yote mawili. Nakayama alifunga dhidi ya Jamaika, bao la kwanza la Japani katika historia ya Kombe la Dunia. Okada alipanga mabeki watatu wa kati wakiongozwa na nahodha Masami Ihara, na ukuta haukuwa mbovu. Aliyekosekana ni mfungaji, na kila aliyetazama alijua jina gani lingetajwa. Akajiuzulu.

Baada ya hapo alipotelea wapi?

Sapporo, kaskazini kwenye theluji. Mwaka 1999 alichukua Consadole Sapporo, timu ya daraja la pili yenye hali mbaya ya fedha. Msimu wa kwanza ulimshinda. Wa pili, mwaka 2000, akawa bingwa na kupanda daraja, akimtegemea Mbrazili kijana, Emerson, aliyefunga mabao 31. Msimu uliofuata akaibakiza timu ligi kuu bila Emerson. Safari hii Mbrazili mwingine, Will, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 24. Nakithamini kipindi hiki kuliko wengi wanavyokithamini. Mtu aliyetoka Kombe la Dunia alikubali kwenda kujifunza ukocha wa klabu tangu chini, mahali ambapo hakuna anayemwogopa.

Kwa nini Yokohama ndiyo inayotajwa kama kilele chake cha klabu?

Kwa sababu ya vikombe. Yokohama F. Marinos ilimchukua mwaka 2003. Ligi ilikuwa inachezwa kwa mizunguko miwili, na bingwa wa kila mzunguko akikutana na mwenzake fainali. Okada alichukua mizunguko yote miwili, fainali ikawa haina haja.

Ila mzunguko wa pili haukuja kwa urahisi. Siku ya mwisho, tarehe 29 Novemba, timu nne zilikuwa bado zinawania. Marinos walikuwa nyumbani dhidi ya Júbilo Iwata, wakafungwa mapema, kipa wao akala kadi nyekundu kipindi cha kwanza. Kumi dhidi ya kumi na moja, wakasawazisha, na katika dakika za majeruhi Tatsuhiko Kubo akaruka na kufunga kwa kichwa: 2-1. Hata hapo walihitaji matokeo ya kwingine. Huko Saitama, Kashima Antlers ilikuwa inaelekea kuchukua ubingwa mpaka Urawa Reds iliposawazisha mwishoni kabisa. Mfungaji alikuwa Emerson, yuleyule wa Sapporo.

Mwaka 2004 walishinda mzunguko wa kwanza na kukutana na Urawa fainali. Kila timu ilishinda 1-0 kwake, Marinos wakatwaa kombe kwa mikwaju ya penalti. Kocha wa Urawa alikuwa Guido Buchwald, beki aliyebeba Kombe la Dunia na Ujerumani 1990, kwa hiyo fainali ile iliwakutanisha mabeki wawili wa zamani, na uchache wa mabao haukumshangaza mtu. Mbele ya lango la Marinos walisimama Yuji Nakazawa na Naoki Matsuda. Nakazawa akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, jambo lisilowatokea mabeki mara nyingi. Okada alikuwa kocha bora miaka yote miwili. Kisha timu ikashuka, na Agosti 2006 akaondoka.

Alirudije timu ya taifa?

Kwa dharura tena. Novemba 2007 kocha Ivica Osim, Mbosnia mwenye hekima aliyependwa sana Japani, alipata kiharusi. Chama kilimgeukia Okada mwezi uliofuata. Mara ya kwanza alirithi kiti cha bosi wake aliyefukuzwa, mara ya pili cha mtu aliyelazwa hospitali. Alifuzu mapema, tarehe 6 Juni 2009, kwa bao la Shinji Okazaki huko Tashkent, akimalizia mechi hiyo nje ya benchi baada ya mwamuzi kumtoa. Na akatangaza lengo lililowafanya watu wacheke: nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Ni kweli aliuliza kama aondoke wiki chache kabla ya mashindano?

Ni kweli. Mwaka 2010 ulianza vibaya na ukazidi kuwa vibaya. Februari alifungwa 3-1 nyumbani na Korea Kusini, Aprili 3-0 na Serbia iliyokuja bila nyota wake wengi. Tarehe 24 Mei, mechi ya kuaga pale Saitama, Korea Kusini wakashinda tena, 2-0, na uwanja ukazomea. Okada aliwaambia waandishi kwamba amemuuliza rais wa chama kama aendelee. Kesho yake akasema ulikuwa utani. Mtu aliyechoka husema mambo ya namna ile, na sioni sababu ya kumdhihaki kwa hilo.

Alibadilisha nini kabla ya Afrika Kusini?

Karibu kila kitu, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kwa miaka miwili na nusu aliijenga timu ya pasi fupi na kukaba juu, ikimzunguka Shunsuke Nakamura, fundi wa mguu wa kushoto aliyewahi kung'ara Celtic. Siku chache kabla ya safari akakubali kwamba mpango ule hautavuka mtihani, akauweka kando.

Nakamura akaenda benchi. Nyuma ya viungo akamsimamisha Yuki Abe kama kiungo mkabaji wa kuwalinda Nakazawa na Marcus Tulio Tanaka. Langoni Eiji Kawashima akachukua nafasi ya Seigo Narazaki. Kitambaa cha unahodha kikatoka kwa Nakazawa, mtu wake tangu Yokohama, kikaenda kwa Makoto Hasebe. Na mbele kabisa, peke yake, akamweka Keisuke Honda, ambaye hakuwa mshambuliaji wa kati.

Mfumo huo ulijaribiwa Graz dhidi ya Uingereza. Japani ilitangulia kwa bao la Tulio, ikapoteza 2-1, mabao yote mawili ya Waingereza yakiwa ya kujifunga: Tulio mwenyewe, kisha Nakazawa. Ikafungwa tena 2-0 na Kodivaa, mechi ambayo Didier Drogba alivunjika mkono akigongana na Tulio. Matokeo yalikuwa mabaya, lakini ukuta ulianza kueleweka, na Okada hakuyumba.

Aliifungaje Kameruni?

Bloemfontein, tarehe 14 Juni 2010. Afrika nzima ilikuwa nyuma ya timu zake katika Kombe la Dunia la kwanza kwenye ardhi yetu, na wengi huku kwetu tuliipa Kameruni ushindi kabla ya kipenga. Kocha Paul Le Guen alimpanga Samuel Eto'o pembeni kulia badala ya katikati. Huko akakutana na Yuto Nagatomo, beki wa kushoto mfupi asiyechoka, aliyekuwa na Abe na viungo wengine wa kumsaidia. Dakika ya 39 Daisuke Matsui alikata krosi kutoka kulia, mpira ukawapita mabeki wote, ukamkuta Honda nguzo ya mbali. Akatuliza, akafunga.

Baada ya hapo Japani ilirudi nyuma na kuzuia. Mpira huo haukupendeza macho, na nakumbuka malalamiko yalivyokuwa mengi mitaani. Lakini ukiitazama tena utaona jinsi umbali kati ya mabeki wanne na viungo watatu unavyobaki uleule kwa nusu saa nzima, wakisogea kwa pamoja kila mpira unapohama upande. Hiyo ni kazi ya kocha aliyecheza beki.

Ziliishaje fainali zile?

Uholanzi ilishinda 1-0 Durban kwa shuti la Wesley Sneijder, mechi ambayo Nakamura aliingia kwa dakika zake pekee za mashindano. Kisha ikaja Rustenburg, tarehe 24 Juni, dhidi ya Denmark. Sare ilitosha, lakini Japani ilicheza kushinda: Honda akafunga kwa mpira wa adhabu kutoka mbali dakika ya 17, Yasuhito Endo akafunga mwingine dakika ya 30, na Okazaki akamalizia kazi kwa pasi ya Honda. 3-1.

Hatua ya 16 bora, Pretoria, ilikuwa 0-0 na Paragwai kwa dakika 120. Kwenye matuta beki Yuichi Komano aligonga mtambaa panya, na Japani ikatoka 5-3. Katika mechi nne ilikuwa imeruhusu mabao mawili tu. Okada akaaga, na mikoba ikaenda kwa Alberto Zaccheroni.

Alifundisha tena?

Ndiyo, China, katika klabu ya Hangzhou Greentown, misimu ya 2012 na 2013. Timu ilibaki ligi kuu bila makubwa. Alikwenda kwa hiari yake wakati uhusiano wa nchi hizo mbili ulikuwa umechafuka, na hilo lilihitaji moyo.

Imabari kuna nini?

Imabari ni mji wa kisiwa cha Shikoku unaojulikana kwa mataulo na ujenzi wa meli. Novemba 2014 Okada alinunua asilimia 51 ya hisa za FC Imabari, klabu iliyokuwa inacheza ligi ya mkoa.

Sababu yake inagusa kila alichofanya kabla. Anasimulia kwamba kocha mmoja Mhispania alimweleza jinsi kwao mtoto anavyofundishwa kanuni za mchezo mpaka miaka 16, kisha anaachiwa uhuru. Okada akaona Japani inafanya kinyume: watoto wanaachwa wacheze wapendavyo, halafu wakishakomaa ndipo wanapomiminiwa mbinu. Matokeo yake ni wachezaji wanaogeukia benchi kila mambo yanapoharibika. Akakusanya kanuni hizo, akaziandika, akaanza kuzifundishia timu zote za klabu, kuanzia watoto. Kocha aliyejulikana kwa maamuzi makubwa ya benchi sasa anatafuta wachezaji wasiohitaji maamuzi hayo.

Klabu ilipanda hadi ligi ya nne mwaka 2017, J3 (daraja la tatu) mwaka 2020, na J2 (daraja la pili) kwa msimu wa 2025. Uwanja wake wenyewe, wa watazamaji zaidi ya 5,000, ulifunguliwa 2023. Mwaka 2024 ikafunguliwa shule ya sekondari yenye jina la klabu, Okada akiwa mkuu wake. Mwaka 2019 klabu ilimsajili Komano, yuleyule wa penalti ya Pretoria, akachezea hapo hadi alipostaafu 2022.

Kuna mabeki wengine wa Japani waliofuata njia hii?

Wapo. Ihara, nahodha wa 1998 mwenye mechi 122 za taifa, aliipandisha Avispa Fukuoka ligi kuu mwaka 2015, na baadaye akawa benchi la Kashiwa Reysol, kwanza msaidizi kisha kocha mkuu. Wakenya watavutiwa na hili: alikuwa msaidizi pale wakati Michael Olunga alipofunga mabao 28 mwaka 2020 na kuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa J.League. Tsuneyasu Miyamoto, nahodha wa 2002 na 2006, alifundisha Gamba Osaka na mwaka 2024 akawa rais wa chama cha soka cha Japani. Hajime Moriyasu, aliyezifunga Ujerumani na Uhispania Qatar 2022, alikuwa kiungo mkabaji, si beki, ingawa mara nyingi huchanganywa.

Nikitaka kumwelewa kwa kutazama, nianze na mechi gani?

Anza na Rustenburg, Japani na Denmark. Dakika za mwanzo Denmark wanapata nafasi nyingi katikati, kwa sababu Okada aliingia na viungo wawili wa kukaba badala ya mmoja. Muda si mrefu timu inarudi kwenye umbo lake, Abe akisimama peke yake mbele ya mabeki, na shinikizo linakatika. Fuatilia mabadiliko hayo kabla mabao ya frikiki hayajakuteka akili. Kisha tafuta Johor Bahru, na usiruke mpaka kwenye bao la dhahabu: itazame kuanzia bao la Daei, dakika ya 59, uone jinsi Okada anavyosubiri dakika nne tu.